Sentimita Kumi za Kuku

Jumatatu, tarehe 4 Septemba

Mvua ya kwanza tangu kiangazi. Nimesimama dirishani nikiitazama jeep yetu ikiloa, nikakata shauri. Shauri kubwa!

Lakini nianze na chanzo. Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 16, tunamaliza kilio cha Agathe, mke wangu. Mwaka umetimia. Kaburi lake liko Nyangezi, kwenye kilima cha baba zangu, juu kabisa, mahali ambapo barabara yenyewe inachoka na kuwa njia ya mbuzi. Mama yake, Mama Madeleine, hajawahi kuliona. Siku ya maziko alikuwa amelazwa hospitali kwa ajili ya magoti, na tangu hapo magoti hayataki kusikia habari za kilima. Kila ninapokwenda kumsalimu huniuliza kama msalaba bado umesimama wima. Namjibu ndiyo, mama. Anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesimuliwa nchi ya mbali.

Leo amekuja Polycarpe, kaka wa Agathe, ambaye mama anaishi kwake kule Nguba. Polycarpe anafanya logistique, yaani magari na mizigo, katika shirika la wazungu. Amesema mama atapanda jeep yake, na mimi niiache yangu nyumbani. "Beau," akaniita, yaani shemeji, "ile kilima haiko ya kuku."

Kuku ni jina la jeep yetu. Agathe ndiye aliyelitoa. Magurudumu yote manne yanavuta, hilo hakuna wa kulipinga, lakini imekaa chini chini kama kuku anayelalia mayai. Ya Polycarpe ni nyeupe, ndefu, ina pua ya kupumulia majini na matairi yanayonifika karibu na kiuno. Ndani ina chombo kinachoiambia ofisi iko wapi kila dakika. "Bazungu banaiona mpaka Genève!" Nimesema hongera. Kwa sauti ndogo.

Kisha akacheka kitambaa cheusi nilichofunga kwenye kioo cha pembeni cha Kuku tangu siku ya maziko. Akauliza kama jeep nayo ni mjane.

Angeelewaje? Kiti cha mbele cha abiria bado kiko pale Agathe alipokivuta, karibu kabisa na kioo, kwa sababu ya miguu yake mifupi. Mto wake wa kitenge uko juu. Mwaka mzima hakuna aliyekikalia. Binti yetu Faida hukaa nyuma. Kila Jumapili, tukirudi misa, Agathe alikuwa akisema: siku moja mama atakaa hapa, mimi nitahamia nyuma, na yeye aone barabara. Haikutokea. Mama Madeleine hapendi kusumbua watu.

Basi itatokea tarehe 16. Nitamnyanyua Kuku. Springi ndefu, matairi makubwa. Polycarpe atatuona kwa nyuma.

Jumatano, tarehe 6 Septemba

Nyawera, kwa Usman, muuza matairi. Ni mtu wa Uvira, babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka naona haya kufungua kinywa. Kahawa ya tangawizi kwanza. Kisha matairi.

Sikutaka ajue haja yangu. Nimemwambia ni kwa ajili ya rafiki. Akauliza rafiki huyo huendesha wapi. Mjini, nikasema, na kilimani mara moja. Akauliza jeep ya rafiki ni ipi. Nikamwonyesha Kuku, pale nje, maana rafiki ameniazima.

Akanionyesha aina tatu. Laini za lami. Za mchanganyiko, zenye meno ya wastani. Na za matope, zenye meno marefu kama funguo za gereza. Nimeyabonyeza kwa dole gumba na kuguna, kama nilivyomwona Polycarpe akifanya. Sijui mguno huo unapima nini, lakini Usman aliniheshimu zaidi.

Alishauri za mchanganyiko. Za matope, alisema, hupiga kelele kwenye lami na hunywa mafuta, na rafiki yangu atajuta. Nikamwuliza, kwa ujanja mkubwa, kama anamjua bwana mmoja Polycarpe wa shirika fulani. Anamjua sana. Alimuuzia yapi? Za mchanganyiko.

Nimechukua za matope. Na saizi moja kubwa zaidi.

Bei siandiki hapa. Agathe alikuwa na tabia ya kusoma shajara yangu bila kuomba, nami bado sijazoea kuandika kila kitu.

Alhamisi, tarehe 7 Septemba

Garage kwa Kasongo. Kasongo ni fundi ambaye hajawahi kumnyima mtu kitu. Nimemwuliza kama Kuku anaweza kunyanyuliwa. "Iko possible, papa." Kwa kiasi gani? Akasema springi ngumu kidogo na amortisseurs mpya, zile za kupunguza mitikisiko, zitatoa sentimita nne, na kwa jeep ya umri ule nne ni heshima. Nikamwuliza kuhusu kumi. "Iko possible." Angeweka springi ndefu, na juu yake vipande vya chuma vya kuongeza kimo. Nikauliza kama haitakuwa nyepesi kuanguka kwenye kona.

"Iko possible pia."

Nimesema kumi. Nimelala chini ya Kuku pamoja naye, tukitazama springi za zamani. Zimechoka, zimekaa upande mmoja zaidi. Upande wa abiria. Kasongo akasema ni mizigo. Si mizigo. Ni ndizi, ni makopo ya mawese, ni Agathe anayekumbuka jambo njiani na kuniambia simama hapa kidogo, na kurudi na kabichi tano.

Nimemwambia aangalie asiguse kiti. Akasema kiti na springi ni idara mbili tofauti.

Jumamosi, tarehe 9 Septemba

Kuku amesimama! Sikumtambua. Amekuwa na miguu. Chini yake mtu anaweza kupitisha debe la maji bila kuliinamisha. Kasongo ameniita nimtazame kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha kwa mbali tena, akiwa amekunja mikono kama aliyemzaa.

Nimepanda kwa kushika usukani kwa mikono miwili na kujivuta. Juu, nimeona mabati ya watu. Nimeona kichwa cha trafiki kutoka upande wa juu, ana upara mdogo ambao nadhani haujui.

Kutoka garage mpaka nyumbani Panzi matairi yameimba kama mzinga wa nyuki. Nilipokata kona yalikwaruza bodi, krrr, kila kona. Faida alinisikia nikiwa bado mbali, akatoka barabarani akifikiri ni mashine ya kutengeneza barabara, kwamba hatimaye tumebahatika. Alisimama. Akauliza kama Kuku ataweza kushuka tena.

Majirani tayari wamembadilishia jina. Wanamwita Korongo. Nimejifanya sisikii, ingawa jina si baya.

Jumapili, tarehe 10 Septemba

Misa. Niliegesha mbele kabisa ili waone. Nikashuka. Suruali nyeusi, ile moja tu ninayoivaa tangu maziko, ikapasuka kutoka huku mpaka kule. Nimesikiliza misa yote nimesimama nyuma, mgongo ukutani, hata wakati wa kupiga magoti. Mama mmoja alimwambia mwenzake kwamba uchungu umenirudia. Faida anashona. Anashona na mabega yanatikisika. Sijui kama analia au anacheka, na sikutaka kuuliza, maana mama yake alikuwa hivyo hivyo.

Jumanne, tarehe 12 Septemba

Siku mbaya.

Juu ya geti letu Agathe alipandisha mti wa maracuja, yaani pasheni. Alisema mgeni apite chini ya majani kabla ya kutukuta tukigombana. Mwaka huu umezaa peke yake, bila mtu wa kuuongelesha. Leo nimeingia na Kuku kama ninavyoingia siku zote, nikiwaza tarehe 16, na chuma cha kubebea mizigo juu ya paa kikauchukua mti wote. Kishindo kidogo tu. Nilipotazama kwenye kioo, maracuja ulikuwa unanifuata kama mkia.

Nimezima injini. Nimekaa.

Baadaye nimeufunga tena kwa kamba za migomba, mimi na Faida, tukiwa tumesimama juu ya paa la Kuku. Lazima nikiri kwamba kwa kazi hiyo kimo kilitufaa sana. Mzizi haukung'oka. Matunda yaliyoanguka tumeyapanga dirishani. Faida alinishauri kwa upole nimrudishe Kuku chini. Nikamwambia geti ndilo fupi.

Kuku sasa analala nje ya geti.

Alhamisi, tarehe 14 Septemba

Sina nguvu ya kuandika lakini nitaandika.

Nimekwenda Nguba kumwonyesha Mama Madeleine jeep, na kumwomba rasmi apande na mimi Jumamosi. Nilifuta vumbi. Nilikung'uta mto wa kitenge na kuurudisha vilevile.

Polycarpe alitoka barazani, akatazama matairi, akayazunguka mara mbili. Furaha! Akauliza ni ya matope? Nikasema ni ya matope. Akatafuta kosa lingine. Akasema tangu lini mkwe anakaa bega kwa bega na mama mkwe kwenye viti vya mbele. Kwetu, kweli, mkwe hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, wala hali mbele yake. Tangu nilipooa, mimi na Mama Madeleine tumesalimiana kwa kuinama, kila mmoja upande wake wa sebule.

Lakini mama mwenyewe alikuwa ameshatoka na fimbo yake. Akamwambia mwanawe, kuhusu mkono wa gia, "Ile levier ya vitesse iko katikati yetu. Iko kama ukuta. Acha mie nione barabara."

Nimefungua mlango. Mama Madeleine akasogea mpaka kwenye kiti. Tuseme akasogea mpaka chini ya kiti. Kiti kilikuwa usawa wa kifua chake.

Alinyanyua mguu. Haukufika. Akanyanyua mwingine, kama kwamba mguu ndio wenye kosa. Haukufika. Kisha akanitazama, na mimi nikanyoosha mkono, na sote wawili tukautazama ule mkono wangu ukiwa hewani, na nikaurudisha mfukoni.

Sentimita kumi! Mtu yeyote angemshika kiwiko, angemsukuma kidogo kwa nyuma, basi. Mtu yeyote duniani isipokuwa mimi.

Polycarpe alicheka mpaka akashika nguzo. "Beau, umetengeneza jeep ya kupandia mbinguni! Mama hayuko na haraka!" Kisha akaona mwenyewe kwamba neno hilo halikuwa zuri kwa wiki hii, akaanza kufuta kioo cha jeep yake ambacho hakikuwa na kitu.

Mama Madeleine akaimaliza ile aibu kwa sentensi moja. "Papa Faida, jeep iko muzuri. Ni mie njo niko mufupi."

Njiani nikakumbuka. Siku tuliponunua Kuku kulikuwa na nyingine pale, ndefu, nyekundu, niliyoipenda mimi. Agathe hakuitazama hata mara moja. Aligeuka, akakaa kwenye Kuku kinyumenyume na kapu mapajani, kama anayekaa kitandani, akazungusha miguu ndani, akasema hii. Nilidhani anafanya mzaha.

Kumbe siku ile, na Jumapili zote zile, alikuwa anapimia magoti ya mama yake.

Ijumaa, tarehe 15 Septemba

Asubuhi kwa Kasongo. Nimemwomba amrudishe Kuku chini, hata kwa siku moja.

"Haiko possible, papa."

Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane! Springi za zamani ameshamuuzia mtu wa Mumosho. Huyo mtu alikuwa na jeep ndefu, anataka kuishusha, maana mama yake hawezi kupanda. Nilimtazama Kasongo usoni. Hakuona chochote cha ajabu katika maneno yake.

Basi mpango wa pili. Kasha la bia, lile la plastiki, tupu, limepinduliwa chini ya mlango. Nimelijaribu mimi. Nimemjaribisha Faida. Linafaa kabisa. Tena nimelifunika kitambaa ili lisionekane ni la bia. Kesho nitaliweka chini kimya kimya, nitarudi nyuma hatua mbili, nitatazama mawingu, na mama atapanda kwa heshima zake zote.

Nimelala na matumaini. Yaani nitalala. Bado ni jioni.

Jumamosi, tarehe 16 Septemba

Tumerudi. Naandika nikiwa bado na matope ya Nyangezi kwenye viatu.

Mvua ilianza kabla ya misa ya asubuhi. Nguba nimeweka kasha, nimerudi nyuma, nimetazama mawingu. Upepo ukainua kitambaa. Mama Madeleine aliliona kasha lilivyo, akasimama, akasema taratibu kwamba siku ya mtoto wake hatapanda juu ya bia. Alikuwa na haki. Polycarpe, ambaye ni mwanawe na anaruhusiwa, akambeba mikononi kama gunia la unga mzuri, akamweka kwenye jeep yake ndefu. Kwa kweli alimweka kwa upole sana. Nimeliona na ninaliandika.

Nikafuata nyuma na Faida, na vyakula, na kiti kitupu.

Mpaka Nyangezi barabara ni barabara. Pale chini ya kilima chetu nikampita Polycarpe, nikaacha njia kubwa, nikaingiza nguvu za magurudumu yote, nikapanda. Na Kuku alipanda! Matope yalikuwa mekundu, mazito, yanateleza kama sabuni, na yale meno ya Usman yakayatafuna moja moja. Sikukwama. Sikuteleza. Pale ambapo mwaka jana wanaume walilibeba jeneza huku wakishikana mikono wasianguke, nilipita nikiwa nimekaa. Nilipiga kelele za furaha. Faida alishika dari. Kelele za matairi zilikuwa nyingi hata sikusikia honi ya Polycarpe chini.

Tukafika juu. Nikazima. Nikageuka kumwambia mama, tumefika.

Kwenye kiti kulikuwa na mto.

Nyuma yetu hakuna mtu. Kilima kitupu, uzio wa miti ya kaburi, msalaba nyuma yake, mvua. Nilikuwa na jeep bora kuliko zote Kivu ya Kusini na nimemleta nani? Nilishuka, nikasimama kwenye uzio, nikamwambia Agathe samahani, nimekuja peke yangu tena. Faida alinishika mkono. Kisha akasema, "Papa, tushuke tukaone wako wapi."

Walikuwa palepale tulipowaacha. Jeep nyeupe haikukwama. Imekatazwa! Ofisi ya Polycarpe imempa ruhusa ya njia kubwa tu, na mvua ikinyesha magari yao hayaruhusiwi kuacha njia kubwa hata mita moja, na chombo kile kitasema kila kitu. Genève inamwona. Shemeji yangu amesimama kwenye mvua, matairi kama yale, na hawezi kuyasogeza kuelekea kwa dada yake. Hakunitazama. Sikucheka. Nilitaka, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Naye Mama Madeleine yuko wapi? Polycarpe alikuwa amemtoa kwa kuwa alitaka kuona kilima, na ili asikanyage matope akamsimamisha kando, juu ya ukingo wa udongo ambapo kilima kilichongwa kupisha barabara. Amesimama pale na mwavuli na fimbo, mdogo, akitazama juu upande wa kaburi kama anayesubiri mtu ashuke.

Nikasogeza Kuku mpaka karibu na ukingo ili nimwulize tufanye nini. Faida akamfungulia mlango kutoka ndani.

Na kizingiti cha mlango kikawa sawasawa na miguu yake.

Mama Madeleine akatazama kizingiti. Akafunga mwavuli. Akachukua hatua moja, kama mtu anayetoka sebuleni kwenda chumbani, akageuka, akakaa. Juu ya mto. Hakusogeza kiti. Miguu yake ilifika pale ilipokuwa ikifika miguu mingine.

Alikaa akitazama kioo cha mbele. Akapitisha kiganja kwenye kitenge. "Agathe alikuwa mufupi kama mie," akasema. Nikasema ndiyo, mama. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tumekaa karibu hivyo, na levier katikati yetu kama ukuta, na ukuta huo nikausukuma kwenye gia ya kwanza.

Polycarpe alipanda nyuma. Magoti yake mdomoni, sufuria ya nyama mapajani. Kwenye kona ya pili akasema, bila kuulizwa, kwamba ya matope ni mazuri. Kisha akasema bado yanapiga kelele.

Juu, wazee wa kilima na jamaa walikuwa wamefika kwa miguu. Nikaegesha mbele ya uzio. Polycarpe akataka kumshusha mama. Akakataa. Akasema amefika, na wamwache. Na ni kweli, kutoka kiti kile, kwa kimo kile, alikuwa anaona juu ya uzio mpaka kwenye msalaba. Sisi wote tuliosimama chini tulikuwa tunaona miti tu. Alishusha kioo. Alizungumza na binti yake kwa Kimashi, kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake jikoni. Niliyoyasikia sitayaandika. Yalikuwa mambo ya kawaida sana.

Sala zikasaliwa. Mimi nilivuliwa koti jeusi la kilio na mzee wa ukoo. Mama Madeleine alitoa mkono dirishani, akakifungua kile kitambaa cheusi kwenye kioo cha pembeni. Fundo lilikuwa limekaza kwa mvua za mwaka mzima. Hakuruhusu mtu amsaidie. Alipolimaliza, akakikunja na kukitia kwenye mkoba wake. "Na ye kilio yake imeisha," akasema, akimaanisha Kuku. Polycarpe aligeukia migomba.

Kisha chakula. Hapo likazuka tatizo. Mama hashuki, analetewa sahani yake palepale, na mimi siwezi kula mbele yake. Nimezunguka nyuma ya Kuku na sahani yangu ya bugali na nyama, nikala nimechuchumaa kando ya tairi la akiba, kama mwizi wa harusi. Kasiksi nayo, pombe yetu ya ndizi, nikainywa hapohapo. Nilikuwa nimeanza kufurahia maficho yangu Faida alipokuja na kipande kizuri cha nyama kutoka sahani ya bibi yake.

Bibi amesema nipewe, maana sahani yangu ina mifupa tu.

Amejuaje?

Faida akaonyesha kioo cha pembeni. Sasa kilikuwa wazi, bila kitambaa. Na ndani yake, mdogo lakini safi, uso wa Mama Madeleine. Tulitazamana. Mimi nina bugali shavuni. Yeye akafumba macho haraka, akasema kwa sauti kubwa ili kilima chote kisikie, "Mie sioni kitu!"

Nilicheka. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumapili, tarehe 17 Septemba

Mwili unauma. Jana kule Nguba Polycarpe ndiye aliyemshusha mama, na alipomaliza alinipa mkono, akaushika zaidi ya kawaida. Akasema Kuku si mbaya. Nikasema jeep yake pia si mbaya. Tumeishia hapo, ilitosha kwa siku moja.

Mti wa maracuja umetoa jani jipya. Nimemwambia Faida. Akasema ameshaliona tangu asubuhi.

Leo, tukirudi misa, Faida alisimama mbele ya mlango wa mbele. Nikamwambia kaa, mwanangu. Akakaa. Miguu yake ni mirefu, magoti yakagonga mbele, lakini hakusogeza kiti, nami sikumwambia akisogeze. Tumerudi hivyo, amejikunja.

Jumanne, tarehe 19 Septemba

Nimekwenda kumsalimu Mama Madeleine. Hakuniuliza kama msalaba umesimama. Yeye ndiye aliyenisimulia! Umesimama wima, akasema, umeelekea kidogo upande wa mto Ruzizi. Anataka kurudi siku ya Watakatifu Wote. Na mimi, katika kiti kile. Polycarpe alikuwepo na hakupinga.

Kitu kimoja tu, akasema, na si malalamiko. Aliuona msalaba wote vizuri, lakini maua Faida aliyoyapanda chini yake hakuyaona. Uzio uliyaficha.

Jioni Faida amesema jambo hilo ni dogo. Papa, tukate uzio.

Kukata uzio! Watoto wa siku hizi hawafikirii mbali. Nimempigia Kasongo kumwuliza kama Kuku anaweza kuongezwa sentimita tano nyingine. Mnajua alivyojibu. Usman naye ana matairi makubwa zaidi, yamefika juzi, na safari hii sitamsingizia rafiki.

Najua, ukingo ule wa Nyangezi hautatosha tena, mlango utakuwa juu yake. Hilo pia nimelifikiria. Leo nimezunguka mpaka Mumosho nikitazama kando za barabara, na nimeona ukingo mmoja mrefu, mzuri wa kumpandishia mama, umenyooka kama baraza. Si njia ya Nyangezi, ni kweli. Lakini tutaanzia huko.